Uzi: Nimeshona sketi za damu ya mzee kwa uzi wa kahawia kwa sababu ya taa. Tusaidiane kuchagua LED nzuri za nyumbani

mshonaji_kibaha

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Kibaha. Tulihamia kwenye nyumba yetu mwaka jana, imepigwa jipsam yote, na taa zote tulinunua siku moja: daunlaiti 8 za sebuleni zilizoandikwa 18W, balbu za vyumbani, na tyubu laiti ya LED kwa chumba changu cha kazi. Muuzaji alituuliza kitu kimoja tu, wati ngapi. Tukajibu, tukalipa, fundi akaja kufunga.

Wiki mbili zilizopita nilikabidhi sketi 14 za kwaya, rangi ya damu ya mzee. Nilizimaliza usiku. Asubuhi mwalimu wa kwaya akanipigia kwamba pindo za sketi sita zimeshonwa kwa uzi wa kahawia. Nikaenda, nikaziona mwenyewe juani mlangoni kwake. Kahawia kabisa, hata mtoto angeona. Usiku ule niliziweka bobini mbili sambamba juu ya kitambaa, chini ya taa, nikaridhika kuwa ni rangi moja. Macho nilipima mwezi wa pili, hayana shida. Nimefumua na kurudia zote bila malipo, na bado naona aibu nikimkuta yule mwalimu kanisani.

Tangu siku hiyo naziangalia taa za nyumba hii kwa jicho lingine. Nyama mezani usiku ina rangi ya majivu. Mwanangu wa darasa la sita analalamika kichwa akisoma. Mama mkwe wangu tunaishi naye, anazima taa ya chumbani kwake na kuacha mlango wazi apate ya korido, anasema ile ya juu inamchoma. Daunlaiti mbili zimeshakufa, na moja inachezacheza kuanzia saa moja jioni hadi kama saa nne, halafu inatulia yenyewe.

Nataka kubadilisha, ila safari hii nijue ninachonunua. Nianzie wapi?

kijana_wa_goba

Pole sana dada. Mimi sioni haja ya kuumiza kichwa, LED zote ni LED. Nanunua za elfu mbili, ikifa naweka nyingine. Umeme zinakula kidogo zote.

fundiumeme_moro

Dada mshonaji, pole kwa hizo sketi. Nafunga umeme majumbani mwaka wa 19 huu, na kisa chako kinaeleza tatizo la taa vizuri kuliko ambavyo ningeweza kumweleza mteja. Naomba niende taratibu.

Taa nyingi nyeupe za LED kwa ndani hazina chipu nyeupe (chipu ni kile kipande kidogo kinachotoa mwanga). Zina chipu ya bluu, imepakwa unga wa njano unaoitwa fosfori. Bluu ikipita kwenye ule unga, sehemu inageuka njano, zikichanganyika jicho linaona mweupe. (Hiyo chipu ya bluu iliwasumbua wanasayansi miaka mingi. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili yake.) Sasa angalia: bluu ipo, njano ipo, nyekundu iko wapi? Kiwanda kinachojali huongeza fosfori ya kutoa nyekundu. Kinachobana gharama kinaiacha au kinaweka kidogo mno. Kitambaa cha damu ya mzee hakitoi mwanga wake, kinarudisha nyekundu kilichopewa na taa. Kama taa haina nyekundu, kitarudisha nini? Utaona kahawia. Macho yako yalikuambia kweli, taa ndiyo ilikunyima rangi. Na nyama mezani ni kisa hichohicho.

Kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli kinaandikwa kwenye boksi kama CRI au Ra. Mwanga wa jua na wa balbu za zamani za waya ni 100. LED za kawaida zenye heshima ni 80. Kwa kazi yako usishuke chini ya 90, na ukikuta boksi limeandika R9, hiyo ndiyo nyekundu iliyokolea yenyewe. Taa ya Ra 80 inaweza kuwa na R9 iliyo karibu na sifuri na bado ikasifiwa. Boksi lisilotaja CRI kabisa, mimi huliacha dukani.

Halafu wati. Wati inakuambia taa inakula kiasi gani, haikuambii inatoa mwanga kiasi gani. Mwanga ni lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, LED nzuri inatoa hizo kwa wati 8 hadi 10. Gawanya lumeni kwa wati: ikija 90 au 100 na zaidi, umepata taa. Ikija 60, umenunua joto.

Kaka wa Goba, kuhusu zote kula kidogo ni kweli. Taa ya wati 9 ikiwaka saa tano kila siku inakula unit 1.35 kwa mwezi, ya zamani ya wati 60 ingekula unit 9. Lakini dada hakulalamikia unit. Alilalamikia kazi iliyoharibika na mtoto anayeumwa kichwa, na hizo unit haziponyi.

mshonaji_kibaha

Fundi, nimesoma hii mara mbili na mume wangu. Asante sana. Nimeangalia maboksi yaliyobaki stoo: 18W, 6500K, saa 30,000, dhamana miaka 2. Lumeni hakuna. CRI hakuna. Hiyo 6500K ni nini?

fundiumeme_moro

Hiyo ni kelvini, rangi ya mwanga wenyewe. 2700K na 3000K ni mwanga wa njano kama wa koroboi au jua la kuzama. 4000K ni mweupe uliotulia. 6500K ni ule mweupe wenye bluu. Watu wengi huku kwetu hununua 6500K kwa sababu dukani inaonekana kali kuliko nyingine, na ukali huo tumeuzoea tukaufanya alama ya taa nzuri. Usiku, bluu nyingi inauambia mwili kwamba bado ni mchana na usingizi unachelewa. Vyumba vya kulala weka 2700K au 3000K. Sebule 3000K. Jikoni na chumba chako cha kazi 4000K. Mimi nyumbani kwangu 6500K ipo stoo tu.

Faida ndogo ya ziada: mwanga wa njano hauiti wadudu kama ule wa bluu. Taa ya barazani uichague hivyo pia, kumbikumbi watakusumbua kidogo.

mstaafu_tanga

Wanangu, naomba nimsemee mama mkwe wa dada, maana tuko rika moja.

Macho ya mtu wa miaka 60 yanapokea takriban theluthi moja ya mwanga ambao macho ya kijana wa 20 yanapokea. Mboni inakuwa ndogo na lenzi inakuwa ya njano. Kwa hiyo tunahitaji mwanga mwingi, lakini papo hapo lenzi hiyo chakavu inautawanya mwanga, hivyo taa kali isiyofunikwa inatuumiza kuliko ninyi. Ndiyo maana unaona kama tunajipinga, tunataka mwanga na hatuutaki. Mama yako huyo hachagui giza. Anakimbia ile nukta kali inayomwangalia machoni akilala chali.

Kwangu nilimwambia fundi atoe daunlaiti ya juu ya kitanda. Aliweka taa mbili za ukutani zinazomulika juu, mwanga unagonga dari nyeupe na kurudi umelainika. Na kitaa kidogo cha 2700K karibu na sakafu njia ya kwenda choo, kinawaka usiku kucha, wati moja. Sijajikwaa tangu hapo.

mshonaji_kibaha

Shikamoo mzee. Umenigusa sana. Nilikuwa nadhani ni ubishi wa utu uzima, na nilimsemesha vibaya kidogo wiki ile. Nitamwambia leo kwamba nimeelewa.

mstaafu_tanga

Marahaba mwanangu. Mwambie.

mama_wa_nyali

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku pwani kuna jambo la chumvi. Taa za nje zinaoza miguu kabla ya chipu kufa. Fundi wa stima aliniambia nitazame alama ya IP, inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji: IP65 kwa nje na barazani, IP44 kwa bafu, IP20 ni ya ndani pakavu tu. Nilipobadilisha za veranda kwa IP65 sijafungua ngazi tena mwaka wa tatu huu.

Swali langu: taa yangu ya korido, nikizima inabaki na mwanga hafifu kama jini. Watoto wanaogopa. Ni taa mbovu?

fundiumeme_moro

Mama, taa huenda ni nzima. Sababu kubwa ni mbili. Moja, swichi ina kile kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo gizani, na umeme kidogo unapita hapo. Mbili, na hii ni hatari, swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Ukizima, waya wa moto bado uko kwenye holda. Siku utakapobadilisha taa huku umeshika chuma cha holda, utajua. Muite fundi apime hapo holdani swichi ikiwa imezimwa. Asikuambie "ni kawaida ya LED" akaondoka.

kijana_wa_goba

Fundi, nashukuru kwa lile somo la juu, nimelikubali. Mimi huwa nafufua balbu zilizokufa. Nafungua kofia, natafuta chipu yenye nukta nyeusi, naunganisha juu yake kwa risasi ya kuchomelea, inawaka. Hii vipi?

fundiumeme_moro

Unaona vizuri, na nukta nyeusi ni kweli ndiyo iliyokufa. Zimepangwa mfululizo kama shanga, moja ikikatika zote zinazima. Lakini ukiiruka, zilizobaki zinabeba mzigo wake, zinachemka zaidi na zinakufa moja baada ya nyingine. Kubwa kuliko hilo: kwenye balbu nyingi za bei ndogo bodi ile haijatenganishwa na umeme wa ukutani. Ukiiwasha bila kofia, unashika volti 230. Naomba uache, hasa kama kuna watoto.

Na hapo umenifikisha kwenye kitu kinachoua taa. Si chipu. Ni draiva, ile mitambo midogo ya ndani inayogeuza umeme wa ukutani uwafae chipu, na ndani yake kuna kapasita inayochukia joto. Kanuni ya mafundi elektroniki ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wa kapasita hupungua nusu. Sasa fikiria daunlaiti imekaa juu ya jipsam, chini ya bati, Kibaha, mchana wa Januari. Au balbu iliyofungiwa ndani ya bakuli la kioo lisilo na tundu. Saa 30,000 za kwenye boksi zilipimwa mahali penye hewa.

Kwa hiyo shika taa mkononi. Yenye alumini ya kupoozea joto ina uzito, ya plastiki tupu ni nyepesi kama karatasi. Uzito si ushahidi kamili, ila haujanidanganya mara nyingi. Kwa daunlaiti tafuta zile ambazo draiva yake ni kisanduku cha pembeni: ikifa unabadilisha kisanduku peke yake kwa bei ndogo.

Ile yako inayocheza kuanzia saa moja hadi saa nne, dada, ni saa ambazo mtaa mzima unapika na kupiga pasi, umeme unashuka. Draiva yake ni ya kubahatisha. Tafuta iliyoandikwa AC 85–265V au karibu na hapo, hiyo inavumilia ukishuka na ukipanda. Umeme ukikatika, zima swichi za taa, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha. Taa nyingi hufa ule umeme unaporudi.

mwalimu_dodoma

Samahani kuingilia. Kichwa cha mtoto bado hakijajibiwa, na mimi nina wa rika hilo.

fundiumeme_moro

Sawa mwalimu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na draiva dhaifu inaiacha taa iwake na kufifia mara 100 kwa sekunde. Hulioni, lakini kwa baadhi ya watu ubongo unalichoka: kichwa, macho kuwasha. Chukua simu, weka kamera kwenye video ya mwendo wa polepole, rekodi ukuta uliomulikwa na taa hiyo peke yake. Mwanga ukipigapiga, au mistari myeusi ikitembea, taa inacheza. Ukuta ukitulia, draiva ni nzuri. Fanya hivyo dukani kabla hujalipa.

Dada mshonaji, kwako hili lina hatari zaidi ya kichwa. Cherehani ya umeme ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, ni 50 kwa sekunde. Taa inayocheza mara 100 inalimulika gurudumu mara mbili kila mzunguko, palepale, na unaweza kuliona kama limesimama wakati linakwenda. Taa ya hivyo usiiweke juu ya mashine inayozunguka.

mshonaji_kibaha

Fundi!! Hilo la gurudumu nimeliona kwa macho yangu. Overloki yangu usiku inaonekana kama inarudi nyuma. Nilidhani ni uchovu.

Nimepima kwa simu sasa hivi. Tyubu ya chumba cha kazi: mistari mitupu. Taa ya meza ya mwanangu: mistari. Balbu ya jikoni, ambayo dada yangu aliniletea zawadi: imetulia kabisa.

fundiumeme_moro

Basi umeshaanza kuona mwenyewe. Tyubu hiyo itoke. Ukibadilisha tyubu, angalia mchoro ulio ubavuni: nyingine zinapokea umeme upande mmoja, nyingine pande mbili. Na kama kuna mtu hapa bado ana zile tyubu za zamani za gesi, kuweka ya LED kunahitaji choki na stata, vile vifaa vya kuwashia tyubu ya gesi, vitolewe kama mchoro unavyosema. Za zamani zina zebaki ndani, msizivunje wala kuzichoma. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuacha kuzitengeneza na kuziagiza kufikia 2027, kwa hiyo spea zitazidi kuwa ngumu.

Kwa meza yako sahau kutegemea taa ya dari. Viwango vya Ulaya vya sehemu za kazi vinataka lux 750 kwa kushona, na lux ni mwanga unaofika juu ya kitambaa, si unaotoka kwenye taa. Mwanga unapungua haraka ukienda mbali: dari iko mita mbili juu ya meza, ukiishusha taa ileile ikawa nusu mita, umbali umekuwa robo na mwanga umekuwa mara 16. Juu ya hayo, ya dari inakupa kivuli cha kichwa chako mwenyewe palepale kwenye sindano. Weka taa moja yenye shingo, 4000K, CRI 90 au zaidi, lumeni 800 tu zinatosha, itokee upande wa kushoto kama mkono wako ni wa kulia. Dari iwe na ya kawaida tulivu ili macho yasitoke kwenye mwanga mkali kuingia gizani. Na kuta zipake nyeupe kama bado, kuta za rangi nzito zinakunywa mwanga.

Kwa mtoto ni hivyohivyo, taa ya meza isiyocheza, na ya chumba iwake pia.

Jambo la mwisho leo, zile daunlaiti za 18W. Kama mita yako unaiona, tafuta maandishi imp/kWh. Nyingi ni 1000, yaani kitaa chekundu kinapiga mara moja kila wati-saa moja (unit moja ni wati-saa 1,000) ikiliwa. Zima kila kitu hadi friji, washa daunlaiti peke yake, hesabu sekunde kati ya pigo na pigo. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, unapata wati.

mshonaji_kibaha

Tumefanya usiku huu, mume wangu na tochi kwenye mita, mimi na saa. Mita yetu ni 1000 imp/kWh. Nzima zimebaki sita, kwa hiyo kwa maandishi yake ni wati 108, pigo lilitakiwa kuja kila sekunde 33. Limekuja sekunde 64. Tukarudia mara tatu, 64, 65, 64.

Ni wati 56 zote sita. Kila moja wati 9 na ushee. Tuliuziwa nusu.

mama_wa_nyali

Maskini! Na mimi kesho nahesabu za kwangu.

mwalimu_dodoma

Hili somo nitalipeleka darasani, wanafunzi wapime kwao. Asante fundi.

mshonaji_kibaha

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki ya tatu sasa.

Sikununua nyumba nzima. Nilinunua taa moja moja, tatu tofauti, kila moja ina lumeni, CRI na kelvini kwenye boksi, nikapima kwa simu kaunta, muuzaji akawa anashangaa kisha akaomba nimfundishe. Nyumbani tulizikalia siku tano kila moja kabla ya kuchagua. Moja ilikuwa na CRI 90 kwenye boksi, lakini chini yake kanga yangu nyekundu ilikuwa kama tofali, ikarudi dukani. Boksi linaweza kusema lolote, kanga haikubali.

Chumba cha kazi kina taa ya shingo ya 4000K na dari imetulia. Nimeweka zile bobini mbili sambamba tena usiku, zinatofautiana hata ukiwa umesimama mlangoni. Chumba cha mama mkwe kina mbili za ukutani kama za mzee wa Tanga. Juzi nimemkuta anasoma Zaburi saa tatu usiku, mlango umefungwa. Mwanangu hajataja kichwa tangu taa ya meza ibadilike, ingawa nitampeleka macho yapimwe pia.

Sebule bado. Hela imeishia hapo, zile sita zinaendelea hadi mwezi ujao. Fundi, nikinunua daunlaiti mpya za wati 9 za kweli zenye lumeni 900, zinatosha nane kwa sebule ya mita 4 kwa 5?

fundiumeme_moro

Nane ni lumeni 7,200 kwa mita za mraba 20. Hata ukipoteza nusu kwenye kuta na vitambaa, unabaki na lux 180, zinatosha kabisa kukaa na kuzungumza. Zigawe swichi mbili, nne nne, usilazimike kuwasha zote mkiangalia runinga. Na mwambie atakayefunga aache nafasi kuzunguka draiva huko juu, asiifunike kwa chochote.

mshonaji_kibaha

Swichi mbili. Nimeandika.